Kaburi hili la mawe asili yake wapi? Mwongozo wa kufuatilia makaburi ya kale ya pwani yetu

Ukiianza pwani kule Banadir Somalia ukashuka nayo Lamu, Malindi, Mombasa, Tanga, Bagamoyo mpaka Kilwa, utakutana na makaburi ya mawe ambayo watu wanapita karibu nayo kila siku na hawajui ni ya nani. Mengine yana nguzo ndefu imesimama kama mnara mdogo, mengine ni kuta fupi zenye pembe zilizopanda kama ngazi, mengine yana matundu ya mviringo ambayo zamani yalikuwa na bakuli za kaure za Uchina. Na ukiuliza asili yake jibu ni lilelile, "hayo ya Waarabu hayo", au "Washirazi walijenga", basi mazungumzo yameishia hapo. Jibu hilo linaniuma, si kwa sababu ni uongo mtupu, ila linafunga mlango kabla hujaangalia hata jiwe lenyewe.

Kwa hiyo nimeandika hapa namna ya kuifanya kazi hii pole pole, kwa mtu wa kawaida mwenye simu, daftari na subira. Huhitaji kuwa na digrii ya akiolojia, ila unahitaji nidhamu.

Hatua ya 1: Gawanya swali mara tatu

Hii ndo hatua muhimu kuliko zote na ndo wengi wanairuka. Mtu akiuliza "kaburi hili limetoka wapi" anauliza maswali matatu kwa mpigo bila kujua. Moja, jiwe limetoka wapi, yaani malighafi. Mbili, umbo limetoka wapi, nani alianza kujenga namna hii. Tatu, mkono umetoka wapi, nani alichonga na nani aliandika. Majibu ya haya matatu mara nyingi hayafanani kabisa.

Chukua mfano wa nguzo ya Vasco da Gama pale Malindi. Si kaburi, lakini inafundisha vizuri. Msalaba wa juu ni wa jiwe lililotoka Lisbon, nguzo yenyewe imejengwa kwa matumbawe ya hapahapa. Sasa ukisema "ni ya Kireno" umesema kweli nusu. Mfano mwingine uko mbali kidogo, Gao-Saney kule Mali, ambako kuna mawe ya makaburi ya wafalme ya miaka ya mwanzo ya karne ya 12, marumaru iliyochongwa Almería nchini Hispania afu ikavushwa jangwa zima la Sahara. Jiwe ni la Hispania, mkono ni wa Hispania, lakini waliozikwa ni wafalme wa Gao na walioagiza ni watu wa Gao. Jiwe kutoka mbali halimfanyi marehemu kuwa mgeni, hili lishike kabisa maana ndo linalovuruga watu wengi.

Kwenye daftari lako basi, kila kaburi lipe nafasi tatu: JIWE, UMBO, MKONO. Usizijaze zote siku moja. Nafasi iliyoachwa wazi ni bora kuliko iliyojazwa kwa kubahatisha.

Hatua ya 2: Ruhusa kwanza, kamera baadaye

Makaburi haya ni ya watu. Mengine bado yanazuriwa, watu wanafukiza ubani, wanasoma dua, wanaweka nadhiri. Takwa pale kisiwa cha Manda mji ulihamwa zamani lakini watu wa Shela hawajaacha kwenda kuzuru. Ukifika mahali anza na mzee wa mtaa au imamu wa msikiti wa karibu, toa shikamoo, kaa, jieleze unatafuta nini na picha utazipeleka wapi. Usikimbilie makaburini na tripodi yako.

Afu kuna sheria. Kenya maeneo haya yako chini ya Makumbusho ya Taifa kwa sheria ya mwaka 2006, Tanzania bara kuna sheria ya mambo ya kale ya mwaka 1964 na idara yake, Zanzibar wana idara yao wenyewe. Kupiga picha ya kawaida kama mgeni aliyelipa kiingilio ni jambo moja, lakini ukitaka kufanya utafiti rasmi unahitaji kibali cha tume ya sayansi na teknolojia, NACOSTI kwa Kenya na COSTECH kwa Tanzania. Kuchimba usithubutu, hata kwa kijiti. Kipande cha kaure kikiwa chini kimejilalia, kipige picha kilipo na ukiache kilipo.

Hatua ya 3: Rekodi kama vile kaburi litaanguka kesho

Nasema hivyo kwa sababu yanaanguka kweli. Mizizi ya mibuyu na mitini inapasua kuta, chumvi ya bahari inakula lipu, mawimbi yanakula ufukwe, na kuna watu wanachukua mawe kujengea. Rekodi yako inaweza kuwa ya mwisho.

Vifaa: futi ya kupimia ya mita 5 au zaidi, rula ya kuweka kwenye picha ili ukubwa uonekane, dira (ya simu inatosha), simu yenye GPS, daftari, penseli (kalamu ya wino ikilowa jasho imekwisha), lenzi ndogo ya kukuzia ile ya mafundi saa, na kioo cha kawaida cha kujitazamia. Kioo nitakieleza sasa hivi.

Anza na picha za mbali zinazoonyesha kaburi na mazingira yake, msikiti uko upande gani, kisima, makaburi mengine. Afu sogea, pande zote 4, afu juu kama unaweza bila kulipanda. Afu vipande kimoja kimoja: nguzo, vidaka (vile vishubaka vya ukutani), nakshi, matundu ya bakuli, maandishi. Ukitaka kutengeneza umbo la 3D kwenye kompyuta zunguka kaburi ukipiga picha nyingi zinazopishana, theluthi mbili ya kila picha ionekane kwenye inayofuata, la sivyo programu itachanganyikiwa.

Sasa kioo. Maandishi na nakshi zilizochakaa hazionekani jua likiwa utosini. Nenda asubuhi mapema au alasiri jua likiwa limelala, kila mstari unatoa kivuli na herufi zinajitokeza zenyewe. Kama ukuta uko kivulini, mtu mmoja asimame pembeni na kioo airudishe nuru ya jua ipite kwa ulalo juu ya jiwe, wewe upige picha. Usiku tochi kutoka pembeni inafanya kazi hiyohiyo. Mara ya kwanza nilipojaribu kioo niliona mstari mzima wa maandishi mahali nilipokuwa nimeandika "hakuna kitu", na nilikuwa nimepita pale mara tatu.

Usipake chaki ili herufi zionekane, wala unga, wala mkaa. Usisugue kwa brashi ya waya. Usimwage siki wala ndimu "kupima kama ni chokaa", asidi inaila chokaa na matumbawe na alama haitoki tena. Majani yaliyoanguka juu waweza kuyaondoa kwa mkono, kuvu na ukoga uache kama ulivyo.

Pima urefu na upana wa ukuta, kimo cha nguzo (kama ni ndefu sana piga picha na mtu au fito yenye urefu unaojulikana amesimama jirani, utapiga hesabu baadaye), nguzo ni ya mviringo, mraba, pembe 6, pembe 8 au ina mifereji, idadi ya vidaka kila upande, na kipenyo cha kila tundu la bakuli. Na mwelekeo. Hapa kuna jambo zuri: Mombasa na Makka ziko karibu kwenye mstari mmoja wa longitudo, nyuzi 39 na ushee zote mbili, kwa hiyo kibla ya pwani hii ni kaskazini karibu kabisa. Maiti wa Kiislamu analazwa ubavu wa kulia uso ukielekea kibla, kwa hiyo huku kwetu kichwa kinakaa mashariki. Ukijua hilo utaelewa kwa nini nguzo nyingi ziko upande wa mashariki wa kaburi, ipo kichwani. Kaburi lililolala vinginevyo liandike na nyuzi zake, linaweza kuwa na habari yake.

Hatua ya 4: Lisome jiwe

Pwani yetu ina mawe ya aina mbili hasa. Kuna jiwe gumu la matumbawe ya kale, lile la nchi kavu lenye mashimo shimo na makombe ndani, hilo ndo la kujengea kuta. Na kuna matumbawe laini yanayokatwa baharini yangali mabichi, yanachongeka kama mbao yakiwa na maji, afu yakikauka juani yanakuwa magumu. Hayo ndo ya nakshi, ya mihrabu, ya fremu za milango na ya mabamba ya maandishi. Ukiweka lenzi utaona vijumba vidogo vidogo vimepangana kwa usawa, vya kama milimita moja hivi. Ukiviona basi jiwe ni la baharini, na kwa sababu lazima lichongwe bichi, mchongaji alikuwa hapahapa. Huwezi kulisafirisha bichi kutoka Uajemi. Jiwe linakujibu sehemu ya swali la mkono bila hata herufi moja.

Vilevile angalia chokaa. Ilichomwa kwenye tanuu la kuni na matumbawe, na mara nyingi utaona vipande vidogo vya mkaa vimebaki ndani ya lipu. Maabara wanaweza kupima umri wa mkaa ule, ni kazi ya wataalamu wenye kibali, lakini wewe ukiandika tu "lipu ya ukuta wa kusini ina mkaa" umewaachia njia.

Marumaru ni habari nyingine. Pwani ya matumbawe haizai marumaru, kwa hiyo ukiona jiwe jeupe linalometa kama sukari pale lilipovunjika, limesafiri. Kati ya karne ya 13 na ya 15 bandari ya Cambay huko Gujarat (leo wanaiita Khambhat) ilikuwa na wachongaji waliotengeneza marumaru za makaburi kwa wateja wa Kiislamu Bahari ya Hindi nzima. Kazi zao zimekutwa Sumatra na Java, kusini mwa Arabia, na huku kwetu Mogadishu na Kilwa. Dalili zake ni maandishi ya Kiarabu yaliyojaa mpaka ukingoni, aya za Kurani, na mara nyingi taa iliyoning'inia ndani ya umbo la mihrabu.

Wachongaji hao walivyogundulika ndo somo lenyewe. Mwaka 1912 mtafiti Mholanzi J. P. Moquette aliangalia jiwe la kaburi la Pasai, Sumatra, la mwaka 1428, na lingine la Malik Ibrahim pale Gresik, Java, la mwaka 1419. Akayaweka pamoja na kaburi la Umar al-Kazaruni la mwaka 1333 lililoko Cambay kwenyewe. Yakafanana hivi kwamba huwezi kusema ni bahati. Hakusema "haya yanaonekana ya Kihindi". Alishika jiwe moja ambalo tarehe yake inajulikana na mahali pake panajulikana, akayalinganisha mengine nalo. Na wewe fanya hivyohivyo, kila unapodai asili uwe na jiwe la kushikia lenye tarehe na mahali pa hakika.

Na kama jiwe limelala huru au limeegemea tu, omba mwenye mamlaka akuonyeshe mgongo wake (usiligeuze mwenyewe, marumaru ni nzito na inapasuka). Mawe mengi ya zamani yalitumiwa mara ya pili, kwa mbele kaburi, kwa nyuma nakshi ya jengo lingine kabisa.

Hatua ya 5: Maandishi na tarehe

Kama husomi Kiarabu cha zamani usibahatishe, piga picha safi upeleke kwa ustadhi au mtaalamu, na ikiwezekana kwa wawili tofauti bila kumwambia wa pili alichosema wa kwanza. Lakini kuna vitu unaweza kujifunza haraka.

Aina ya mwandiko. Kufi, ule wa pembe pembe, ni wa mapema. Msikiti wa Kizimkazi Unguja una maandishi ya Kufi ya mwaka 500 Hijria yaliyochongwa kwenye matumbawe, na wataalamu wameyafananisha na mwandiko wa Siraf, bandari ya Uajemi. Tazama sasa maswali yetu matatu: jiwe la Unguja, mwandiko wa mtindo wa Ghuba, jengo la waumini wa hapahapa. Baadaye mwandiko wa mviringo ndo ukatawala.

Tarehe. Ikiwa kwa maneno, Kiarabu huanza na mamoja afu makumi afu mamia, kwa hiyo 802 inasomeka "mbili na mia nane". Ikiwa kwa tarakimu kuwa makini na sifuri na tano, sifuri ni nukta na tano ni kiduara, na jiwe likila chumvi nukta inapotea au shimo la kawaida linageuka kuwa sifuri. Mbili na tatu zinatofautiana kwa jino moja. Saba na nane ni umbo moja lililopinduliwa, ukigeuza picha juu chini umeshabadilisha karne.

Kubadili Hijria kwenda Miladia kwa haraka, zidisha mwaka kwa 0.97 afu jumlisha 622. Kizimkazi 500 inakuja 1107. Kaburi lenye tarehe pale Gedi, mji wa magofu karibu na Malindi, ni 802, inakuja 1399 au 1400. Takwa kaburi la nguzo lina 1094, inakuja 1683. Hesabu hii inaweza kukosea mwaka mmoja kwa sababu mwaka wa Hijria ni mfupi, kwa hiyo andika zote mbili, ya jiwe kama ilivyo na ya kwako pembeni, usifute ya jiwe.

Nisba. Ukiona al-Barawi, al-Hadrami, ash-Shirazi mwisho wa jina, hiyo inakuambia familia ilijiita nini na ilitaka ijulikane hivyo. Haikuambii marehemu alizaliwa wapi na wala haikuambii fundi ni nani. Familia inaweza kubeba nisba vizazi 10 bila mtu yeyote kuuona mji ule. Ichukue kama ushahidi wa fahari na uhusiano, usiichukue kama cheti cha kuzaliwa.

Hatua ya 6: Bakuli za kaure

Hizi zinavutia macho na ndo zinadanganya kwa urahisi. Za kijani kama jiwe la thamani ni za zamani zaidi kwa jumla, za Longquan huko Uchina, zile nyeupe zenye maua ya buluu zinakuja kwa wingi baadaye, zama za Ming na kuendelea. Mambrui kuna nguzo iliyokuwa na bakuli za Ming. Kunduchi, Dar es Salaam, makaburi ya karne ya 18 nayo yalipambwa hivyo.

Kanuni ni moja: kama bakuli iliwekwa siku ya kujenga, inakuambia kaburi haliwezi kuwa la zamani kuliko bakuli. Basi. Haikuambii ni jipya kiasi gani, maana kaure ilikuwa mali ya nyumba, ilirithiwa, ilikaa kwenye vidaka vya ukuta miaka na miaka kabla ya kuwekwa kaburini kwa bibi aliyeipenda. Vilevile bakuli inaweza kuongezwa wakati wa ukarabati, na hapo kanuni haifanyi kazi. Angalia lipu inayoizunguka, kama rangi yake ni tofauti na lipu ya nguzo basi iliwekwa siku nyingine.

Bakuli nyingi zimeng'olewa zikauzwa. Ukikuta tundu tupu pima kipenyo na kina, na uangalie kama alama ya mduara wa kitako imebaki kwenye chokaa, nayo inapimika. Na mtu akikuletea bakuli "ya kaburini" akuuzie, usinunue, hata kwa nia ya kuiokoa, maana kesho ataleta nyingine.

Hatua ya 7: Umbo, na mchezo wa kuhesabu

Hapa ndo penye ubishi. Makaburi ya nguzo yapo kwa wingi kati ya kusini mwa Somalia na pwani ya kaskazini ya Tanzania, na kiini chake kinaonekana kuwa Lamu na pwani ya Kenya. Arabia na Uajemi hukuti mtindo huu hivi ulivyo. Sasa umetoka wapi? Kuna waliosema ni mfano wa mnara wa msikiti, kuna waliouhusisha na nguzo za makaburi za jamii za bara kama Waoromo, James Kirkman aliyechimba Gedi miaka ya 1948 hadi 1958 alikuwa na mawazo ya upande huo. Wengine wakitazama vigango vya Wamijikenda, zile nguzo za mbao za kukumbuka wazee, wanajiuliza kama desturi ya kusimamisha nguzo kwa ajili ya marehemu haikuwa na mizizi pwani hii kabla haijavaa matumbawe na chokaa. Mimi naelemea upande wa kwamba umbo limekulia hapahapa, kwa sababu ya mahali yalipo mengi na kwa sababu ya jiwe lenyewe, lakini kufanana peke yake si ushahidi na wewe usikubali kwa sababu nimesema mimi.

Njia ya kupima ni kuhesabu. Miaka ya 1960 watafiti James Deetz na Edwin Dethlefsen walifanya jambo rahisi huko Massachusetts, Marekani. Mawe ya makaburi kule yana tarehe. Wakahesabu kwa kila kipindi mangapi yana fuvu lenye mabawa, mangapi yana sura ya malaika mtoto, mangapi yana chungu na mti uliolala matawi. Wakaona kila mtindo unaanza kidogo, unavimba, unapungua, na mwingine unachukua nafasi yake, na unaanza mahali pamoja afu unafika vijijini umechelewa. Huko ndo kuona mtindo unasafiri.

Sisi tatizo letu tarehe ni chache. Kwa hiyo tengeneza jedwali kwenye kompyuta au hata kwenye karatasi, kila kaburi mstari wake: mahali, namba yako, umbo la nguzo, pembe za ngazi zipo au hazipo, vidaka vingapi, bakuli au matundu, maandishi, tarehe kama ipo na tarehe hiyo imetoka wapi. Yale machache yenye tarehe, Gedi, Takwa na mengine, yawe vigingi vyako. Afu tazama, sifa gani zinatembea pamoja? Nguzo ya mifereji inaonekana wapi na haionekani wapi? Usijaze safu ya tarehe kwa kuangalia umbo afu baadaye ukatumia tarehe hiyohiyo kuthibitisha umbo lilianza lini, hapo utakuwa unazunguka palepale.

Hatua ya 8: Ramani, na pepo za bahari

Ingiza lokesheni zako kwenye programu ya ramani, QGIS ni ya bure na inafanya kazi vizuri. Ipe kila sifa rangi yake.

Ukishaona nukta zimejipanga kuna mitego miwili. Wa kwanza, pengo kwenye ramani si lazima liwe pengo la kweli. Inawezekana mawe yalichomwa chokaa, au ufukwe umeliwa, au hakuna barabara kwa hiyo hakuna aliyekwenda. Weka alama tofauti kwa "nilikwenda sikukuta" na "sijakwenda". Hizo ni habari mbili tofauti kabisa.

Wa pili, usipime kwa kilomita za barabara. Watu hawa walisafiri kwa mitepe na majahazi, kaskazi ikivuma kati ya Novemba na Machi unashuka nayo, kusi ikigeuka Aprili hivi unapanda nayo. Lamu na Pemba zilikuwa jirani kuliko Lamu na kijiji cha bara kilicho karibu zaidi kwenye ramani. Marumaru ya Cambay nayo ilikuja na kaskazi, na mawe mazito chini ya chombo ni mzigo unaofaa kuwa farumi. Kwa hiyo panga nukta zako kwa bandari na mikondo, utaona mambo ambayo kwa barabara hayaeleweki. Linganisha Ras Mkumbuu ya Pemba na Tongoni karibu na Tanga, penye makaburi kama 40, kabla hujaenda kulinganisha na kitu cha mbali.

Hatua ya 9: Wazee

Nimeiweka hapa lakini inaenda sambamba na zote. Usiulize "Waarabu ndo walijenga?", maana ni swali lililobeba jibu, na mzee kwa adabu atakukubalia. Uliza: "Babu, hapa panaitwaje? Kaburi hili lina jina? Nani analisafisha? Watu wanakuja lini, wanaleta nini? Kuna nyumba wanaosema ni babu yao?" Majina ya mahali na ya nyumba ndo yanayokuunganisha na nasaba na hati za zamani.

Waulize akina bibi pia, peke yao kama inafaa. Mambo ya nadhiri na ubani wao ndo wanayajua, na mara nyingi hakuna mtafiti aliyewauliza. Songo Mnara, kisiwa karibu na Kilwa, wanaakiolojia walikuta changarawe nyeupe na sarafu zimewekwa juu ya makaburi, ishara kwamba watu walirudi na kurudi. Bibi mmoja akikuambia "sisi tukija tunaweka kijiwe" amekupa kitu ambacho hakuna jiwe lililokiandika.

Andika maneno kama yalivyosemwa, kwa lahaja yao, Kiamu kibaki Kiamu, na uandike nani alimwambia yeye. Wakipingana andika zote mbili.

Hatua ya 10: Rudisha ulichopata

Faili zako ziweke mahali pawili angalau, na majina yanayoeleweka: mahali, namba ya kaburi, upande, tarehe. Nakala moja peleka makumbusho ya eneo lako, Fort Jesus kwa watu wa Mombasa na majirani zao, au ofisi ya mambo ya kale ya karibu. Lokesheni kamili ya makaburi yenye bakuli au marumaru iliyobaki usiiweke hadharani mtandaoni, wezi nao wana simu. Taja mji, inatosha.

Na nakala nyingine ichapishe kwa karatasi, picha kubwa kubwa zenye kuonekana, umpelekee mzee aliyekupokea siku ya kwanza. Kaa naye mzipitie moja moja, chukua daftari na penseli, kwa sababu akiziona picha ndo ataanza kukumbuka majina.